Msahafu wa babu umepasuka mgongo: namna ya kujifunza kujalidi kwa ngozi na kukarabati

Swali. Msomaji kutoka Tanga anauliza: "Babu ameniachia msahafu ulioandikwa kwa mkono. Jalada lake ni la ngozi ya hudhurungi iliyopigwa muhuri katikati, mgongo umepasuka, ule ulimi unaofunika ukingo unaning'inia, na kurasa za mwanzo zimetafunwa na wadudu. Fundi viatu anasema ataushona na kuupaka gundi kwa siku moja. Mimi ningependa kujifunza mwenyewe kujalidi kwa ngozi kama walivyofanya wazee, kisha niutengeneze. Nianzie wapi na ninunue nini?"

Jibu. Fundi viatu mshukuru, lakini msahafu usimpe. Ngozi anaijua, ila gundi yake ya mpira ikishanyweka kwenye karatasi haitoki, na mshono wa kutoboa pembeni utazifanya kurasa zisifunguke sawasawa. Mtu akilazimisha, zinakatika kwenye mstari wa matundu. Na wewe pia usianze na huo wa babu. Anayekarabati kitabu lazima ajue kilivyojengwa, na njia ya kujua ni kujenga vingine. Jalidi kwanza vitabu vitupu vitano au sita, halafu tengeneza vitabu vya kawaida vilivyochakaa ambavyo hakuna atakayevililia, ndipo uurudie msahafu. Kwa mtu mwenye kazi nyingine, hilo ni suala la mwaka mmoja hivi.

Katika mwaka huo, kazi ni kuzuia uharibifu usiendelee. Uweke msahafu juu ya karatasi nyeupe kwa wiki moja, kisha uinue uangalie. Ukikuta unga mpya umedondoka, wadudu wangali hai ndani. Uviringishe kwa kitambaa safi cha pamba, utie kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, funga barabara, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiutoa usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utatua kwenye karatasi baridi na wino utachuruzika. Karafuu na kafuri hufukuza baadhi ya wadudu lakini haziui mayai, na mafuta ya karafuu huacha madoa.

Kuvu huanza kumea unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65, na pwani kiwango hicho hupitwa siku nyingi za mwaka. Kwa hiyo usiufungie kwenye nailoni moja kwa moja, wala usiuweke kwenye sanduku la bati sakafuni. Ufunge kwa bafta iliyofuliwa ikatoka wanga wote, uulaze kwenye kabati la mbao lililo mbali na ukuta wa nje, na ulifungue kabati mara kwa mara hewa ipite. Vipande vinavyodondoka, hata vya ukubwa wa ukucha, tia kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa ukurasa vilikotoka. Vina aya, na juu ya hilo vitarudi mahali pake siku ya ukarabati. Usipake ngozi mafuta ya nazi, samli wala rangi ya viatu: mafuta hupenya mpaka kwenye karatasi, hunasa vumbi, na kuvu hustawi juu yake.

Sasa ujenzi wenyewe. Jalada ulilolieleza ni la mtindo wa Kiislamu, na kwa upande wetu Siyu, kisiwani Pate, ilisifika karne ya 18 na 19 kwa waandishi wa misahafu na mafundi wa ngozi. Mtindo huu haufanani na ule wa Ulaya wenye matuta mgongoni. Mgongo ni bapa. Mbao za jalada, yaani vile vibao vigumu vya karatasi vilivyo ndani ya ngozi, hazizidi kurasa hata milimita moja. Zinalingana nazo pande zote. Kurasa zimeshonwa kwa uzi mtupu bila kamba za kuushikilia. Ulimi umeungwa kwenye jalada la nyuma, unakunjwa kupita ukingo, na ncha yake inaingia chini ya jalada la mbele. Unaingia chini, hauji juu. Watu wengi huukunja kinyume na ndiyo sababu kiungo chake hukatika. Vitabu hivi hulazwa, kwa sababu mshono usio na kamba hupinda kitabu kikisimamishwa muda mrefu.

Kitabu chako cha kwanza kiwe cha ukubwa wa A5, mafungu kumi ya karatasi tano tano zilizokunjwa katikati, yaani kurasa 200. Fungu la karatasi tano ndilo lililozoeleka sana katika miswada ya Kiarabu. Kabla ya kukunja, tafuta mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Kata kipande kidogo cha mraba, lowesha upande mmoja, nacho kitajikunja kuwa bomba. Urefu wa bomba ndio mwelekeo wa nyuzi. Nyuzi lazima ziende sambamba na mgongo. Karatasi ya A4 ya kawaida ya ofisini mara nyingi ina nyuzi za kwenda na urefu wake, kwa hiyo ukiikunja kupata A5 nyuzi zinakatiza mgongo: kurasa zinakuwa kaidi, na ukizipaka gundi mgongo unafanya mawimbi. Tafuta A3 ambayo nyuzi zinakwenda na urefu, ikate katikati, kisha kunja. Nyuzi sasa zimelala na mkunjo.

Vifaa si vingi: sindano yenye ncha butu, msharasi mwembamba, uzi wa kitani wa unene kati ya milimita 0.25 na 0.3, bonge la nta, mfupa laini wa kukunjia, rula ya chuma, mbao mbili na vibano vya seremala vya kubania, na kipande cha marumaru au graniti cha kukatia ngozi, ambacho mafundi wa kaunta za jikoni hutupa kila siku. Uzi mnene ni kosa la kawaida. Kila fungu lina uzi mmoja katikati ya mkunjo; mafungu kumi kwa uzi wa nusu milimita yanaongeza milimita 5 upande wa mgongo kabla ya kubanwa, na kitabu kinakuwa kabari.

Toboa kila fungu matundu mawili kwenye mkunjo, milimita 70 kutoka juu na milimita 70 kutoka chini. Tuyaite A na B. Pitisha uzi kwenye nta mara moja. Fungu la kwanza: ingia A kutoka nje, tembea ndani, toka B. Weka fungu la pili juu yake: ingia B, tembea ndani, toka A, kaza, na funga fundo na mkia uliobaki. Fungu la tatu: ingia A, toka B, na hapa kabla ya kupanda pitisha sindano chini ya uzi unaounganisha fungu la kwanza na la pili, ndipo uingie B ya fungu la nne. Ukitoka A, nasa uzi unaounganisha la pili na la tatu. Endelea hivyo hadi mwisho na utaona visuko viwili vimejitengeneza mgongoni. Uzi uvutwe kufuata mkunjo wa karatasi. Ukiuvuta kuelekea kwako unachana karatasi kama msumeno. Ukikaza mno, mgongo unaingia kiuno kwenye matundu. Ukilegeza, mafungu yanateleza.

Baada ya kushona, bana kitabu mgongo ukiwa nje, paka uji wa wanga, na bandika bafta nyembamba inayozidi mgongo sentimita 3 kila upande. Hayo masikio mawili ndiyo yatakayoshika jalada. Kisha mshono wa kichwani na miguuni: laza ukanda wa ngozi wa upana wa milimita 3 kwenye ukingo wa juu wa mgongo, na uzi upite juu ya ukanda, ushuke katikati ya kila fungu, utokee mgongoni sentimita moja chini. Juu ya nyuzi hizo unasuka hariri za rangi mbili, moja ikipita juu nyingine chini, hadi itokee mistari ya pembepembe. Wengi huuona ni pambo wakauruka. Ndio unaoyashika mafungu ncha zake, maana mshono wa kati una matundu mawili tu, na kitabu kisicho nao hufunguka vichwani mapema.

Mbao za jalada tengeneza mwenyewe: bandika karatasi nene sita sita kwa uji wa wanga mpaka upate unene wa milimita 2, bana, acha zikauke siku tatu au nne. Kadibodi ya dukani inafaa kwa mazoezi.

Ngozi ndiyo inayowapotezea wanaoanza fedha nyingi. Unahitaji ya mbuzi iliyotiwa dawa ya mimea, unene wa milimita 0.8 hadi 1. Sehemu kubwa ya ngozi madukani imetiwa kromu, dawa ya chumvi za madini: laini, ya kupendeza, na haifai, kwa sababu hairidhii kisu, haishiki umbo kwa uji wa wanga, na muhuri ukipigwa hufutika. Kata ukanda mdogo uutumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Ngozi ya mimea hujikunyata ikawa ngumu. Ya kromu hubaki ilivyo. Muuzaji akikataa kukupa kipande cha kujaribia, ondoka.

Hata ngozi ya mimea haifanani yote. Kamati ya Society of Arts ya London, iliyotoa ripoti zake mwaka 1901 na 1905 baada ya majalada mengi ya maktaba kuwa unga, iliipa nafasi ya juu ngozi ya msumaka, mmea uleule unaotoa kiungo chekundu kichachu cha mapishi ya Kiarabu. Ngozi za magome ya miwati na mikoko, ambazo ndizo rahisi kupatikana kwetu, zina tanini, ile dawa ya mimea inayokomaza ngozi, ya kundi jingine: hugeuka nyekundu kwenye mwanga na huchakaa mapema zaidi katika hewa chafu ya mjini. Kwa mazoezi na kwa daftari ni nzuri kabisa. Kwa kukarabati kitabu cha kale agiza ya msumaka, au tumia karatasi ya Kijapani nitakayoieleza chini.

Kwa A5 yenye ulimi kata ngozi ya milimita 460 kwa 245. Hiyo inatosha majalada mawili, mgongo, ukingo, ulimi wa nusu ya upana wa jalada, na milimita 15 za kukunjia ndani kila upande. Ngozi ya mbuzi ya futi 5 za mraba hutoa vipande vitatu vya namna hiyo ukipanga vizuri.

Kisha kupunguza kingo. Hapa ndipo mikono hufundishwa. Geuza ngozi upande wa nyama juu, ilaze kwenye marumaru, na kwa kisu kilichonolewa upande mmoja tu punguza ukingo wote hadi milimita 0.4, ukishuka taratibu kuanzia sentimita 2 kutoka ukingoni. Kisu kizuri hutengenezwa kwa kipande cha msumeno wa mashine wa kukatia chuma: kisage hadi pembe ya nyuzi 15 au 20, ukichovya kwenye maji kila mara kisipoteze ugumu, kisha kinoo cha namba 1000, cha 4000, na mkanda wa ngozi. Noa kila baada ya dakika chache. Kisu kikianza kusukuma badala ya kukata, ngozi hujikunja mbele yake na ghafla unapata tundu. Sababu nyingine ya matundu ni chembe iliyokaa chini ya ngozi; ipo kama kichanga, huioni, na kisu kikipita juu yake kinakata hadi upande wa pili. Pangusa jiwe kila unapogeuza ngozi.

Uji wa wanga ni lazima uupike mwenyewe. Unga wa ngano mzima una gluteni, ambayo hukauka ikawa ya njano na kuwaita mende. Kanda nusu kilo ya unga liwe donge gumu, liache saa moja, kisha likandie ndani ya beseni la maji mpaka maji yawe meupe na mkononi ubaki mnato wa kijivu. Huo tupa. Chuja maji, yaache usiku yatulie, mwaga ya juu yenye unjano, tia mengine. Rudia hadi maji ya juu yawe angavu. Kinachobaki chini ni wanga. Kipimo ni wanga sehemu moja kwa maji sehemu tano. Loweka nusu saa, pika kwa moto mdogo dakika 25 hadi 30 bila kuacha kukoroga mpaka ugeuke wa kung'aa, poza, na upitishe kwenye chujio jembamba mara mbili. Wa ngozi uwe mzito kama mtindi. Wa kurekebisha karatasi ongeza maji mengine kiasi hicho hicho. Nje ya friji unaharibika kwa siku moja. Ndani unakaa siku tano hivi. Ukinuka uchachu au ukijitenga maji, mwaga. Gundi nyeupe ya seremala isiguse kitabu unachotaka mtu wa baadaye aweze kukifungua.

Kufunika: bandika mbao kwenye masikio ya bafta zikilingana sawa na kurasa. Lowesha ngozi kidogo upande wa nje ili isipate madoa ya uji, paka uji upande wa ndani, ikunje kwa dakika kumi inywe, kwangua ule wa kwanza, paka mwingine mwembamba, ndipo uivike. Ikae mgongoni kwanza, ikandamize kwa mfupa, halafu mbao, halafu kunja kingo ndani. Wakati huu usiiguse kwa chuma. Tanini iliyolowa ikikutana na chuma hutoa doa jeusi la buluu lisilofutika. Hata mkasi ulioachwa dakika mbili juu ya ngozi utaacha umbo lake. Shaba, mfupa na mbao hazina tatizo. Acha nafasi ya milimita 3 kwenye viungo vya ulimi ili ukunjike bila kuvuta jalada. Bana katikati ya karatasi za kunyonya maji, zibadilishe baada ya saa moja, tena jioni. Pwani acha siku mbili kamili. Muhuri wa katikati hupigwa ngozi ikiwa na unyevu mdogo, kwa muhuri wa shaba uliopashwa moto kidogo tu. Ukichemka, ngozi inaungua na kuwa nyeusi, ngumu.

Ukifika kwenye ukarabati, kazi hupungua badala ya kuongezeka. Piga picha kila upande na kila hatua. Usikate kingo za kurasa kuzinyoosha: pembezoni ndiko wenyewe walikoandika tarehe za kuzaliwa watoto na maneno ya wakfu. Usifumue mshono ambao bado unashika. Usivute selotepu iliyokwishabanduliwa nusu, inaondoka na wino. Na anayekushauri kuzipeleka kurasa zikafungwe plastiki kwa mashine ya moto, mwambie hapana.

Jaribu wino kabla ya maji yoyote. Gusa nukta moja kwa pamba yenye unyevu, bana na karatasi nyeupe, tazama. Nyekundu ya vituo na vichwa vya sura ndiyo huchuruzika zaidi. Wino wa hudhurungi wenye kivuli kuzunguka herufi una chuma ndani yake, na unyevu husambaza chuma hicho kikala karatasi mahali kilipokuwa hakijafika. Kurasa za namna hiyo waachie wataalamu. Zilizobaki, kurasa zilizochanika huzibwa kwa karatasi ya shashi ya Kijapani ya kozo (nyuzi za mforosadi), gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba. Usiikate kwa mkasi. Chora mstari kwa brashi yenye maji, ivute ikatike yenyewe, ili nyuzi ndefu zitokeze pembeni. Paka uji mwembamba, laza juu ya mpasuko, funika kwa kitambaa cha polyester kisichonata na karatasi ya kunyonya, weka uzito nusu saa. Matundu ya wadudu madogo yasiyokata maneno yaache.

Mgongo uliopasuka: sugua ngozi ya zamani kwa kidole. Ukipata unga mwekundu, imeoza, na maji au uji vitaifanya nyeusi na ngumu mara moja. Iimarishe kwanza kwa Klucel G, unga wa selulosi unaoyeyuka kwenye spiriti, gramu 2 katika mililita 100 za spiriti safi isiyo na rangi, iliyoachwa usiku mzima iyeyuke. Paka kwa brashi laini, acha ikauke, paka tena. Baada ya hapo inua kingo za ngozi ya zamani milimita 5 hadi 8 kwa kisu butu chembamba cha mfupa, ingiza chini yake ukanda mpya wa ngozi iliyopunguzwa hadi milimita 0.4, na rudisha ya zamani juu. Kwa kiungo cha ulimi, karatasi ya kozo ya gramu 30 au zaidi, iliyotiwa rangi ya ngozi na kubandikwa tabaka mbili, inatosha na haivuti ngozi dhaifu. Kwa msahafu wako ningeanza na njia hiyo hata mgongoni.

Kuhusu walimu: mafundi wanaojalidi tasnifu karibu na vyuo watakufundisha kukata pembe mraba na kubana, ila gundi yao usiichukue. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zinahifadhi miswada ya Kiarabu. Omba kuona majalada yake na upime kwa macho kila kiungo. Ukipata uwezo wa kusafiri, Montefiascone nchini Italia hufanya kozi fupi za kujalidi na kuhifadhi vitabu kila kiangazi, na West Dean College ya Uingereza hufundisha uhifadhi wa vitabu kwa mafunzo marefu. The Islamic Manuscript Association, yenye makao Cambridge, imejikita kwenye vitabu vya namna ya huo wa babu. Waandikie ukiwa umeambatanisha picha nane: nje pande mbili, mgongo, ulimi, ndani ya majalada yote mawili, ukurasa uliotafunwa zaidi, na mshono katikati ya fungu lolote linalofunguka bila kulazimishwa.